Zebaki Haipotei

Maada ni kitu chochote chenye tungamo na kinachochukua nafasi: mwamba, maji, hewa, hata moshi. Wanakemia huigawa kwa kuangalia inavyotenganishwa. Kinachotenganishwa kwa kuchuja, kupepeta, kuosha au kuchemsha ni mchanganyiko. Kinachohitaji mmenyuko wa kemikali ili kivunjike ni kampaundi. Kisichovunjika hata kwa mmenyuko ni elementi. Kwenye machimbo ya dhahabu ya mkoa wa Singida, zote tatu hukutana ndani ya karai moja.

Mwamba wa Sekenke, wilayani Iramba, ulianza kuchimbwa kibiashara enzi za Wajerumani, mwaka 1909. Mwamba huo ni mchanganyiko wa mawe meupe ya kwatsi, madini mengine, na chembe za dhahabu ambazo mara nyingi hazionekani kwa macho. Kwatsi ni kampaundi ya silikoni na oksijeni. Iwe imetoka Iramba au Brazili, gramu 60 zake zina takriban gramu 28 za silikoni na 32 za oksijeni. Mchanganyiko hauna masharti hayo, ndiyo maana duara moja, yaani shimo la kuchimbia, hutajirisha watu na la jirani likawafilisi. Karasha husaga mawe yakawa unga bila kubadili aina ya maada iliyomo, na kuosha unga huo kwa maji hufanya kazi kwa sababu dhahabu ni nzito mara saba hivi kuliko kwatsi ya ukubwa uleule.

Mchanganyiko mwingine hudanganya macho. Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walitumia dhahabu ya Sekenke kupiga sarafu za rupia 15 mjini Tabora, zenye picha ya tembo. Sarafu hiyo inang'aa kama kitu kimoja, lakini ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali: robo tatu tu ndiyo dhahabu. Katika uzito wake wa gramu 7.2 hivi, dhahabu safi ni gramu 5.4.

Zebaki nayo hutengeneza aloi. Ni elementi, metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida, na ikikutana na dhahabu huishika. Mchimbaji mdogo huimwaga kwenye unga uliooshwa, hukamua donge kwa kitambaa, kisha hulichoma. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357, wakati dhahabu haiyeyuki mpaka 1064, kwa hiyo moto wa kawaida unatosha kuzitenga. Tuseme donge lilikuwa na gramu 100, na dhahabu iliyobaki ni gramu 50. Mchimbaji atasema zebaki imeisha. Kwa kemia, gramu 50 bado zipo mahali fulani.

Kanuni inayosema hivyo ni ya uhifadhi wa tungamo: katika badiliko lolote la kikemia au la kiumbo, jumla ya tungamo kabla ni sawa na jumla baada yake. Aliyeipa nguvu ni Mfaransa Antoine Lavoisier, mtu aliyekuwa pia katika kampuni ya kukusanya kodi na aliyejua thamani ya hesabu inayolingana. Zebaki ndiyo iliyomsaidia. Aliichemsha kwa siku 12 pamoja na hewa iliyofungiwa. Unga mwekundu ukatokea juu yake na hewa ikapungua. Alipouchoma unga huo kwa moto mkali zaidi, zebaki ilirudi na gesi iliyopungua ikarudi kwa kiasi kilekile. Unga huo ni kampaundi: gramu 100 zake hutoa gramu 92.6 za zebaki na 7.4 za oksijeni. Kitabu chake cha mwaka 1789 kiliieneza kanuni hii, na kosa la waliomtangulia lilikuwa dogo tu: walisahau kupima hewa.

Kosa hilohilo hufanyika kwenye moto wa wazi. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Sehemu yake huingia mapafuni mwa anayechoma na walio karibu naye, nyingine hupoa na kutua juu ya bati, udongo na maji. Kwenye tope la mabwawa, bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, kampaundi inayojikusanya katika samaki. Sumu hiyo ndiyo iliyowaathiri watu wa Minamata, Japani, ugonjwa wao ukatambuliwa mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoozea mvuke, huirudisha zebaki ikiwa kimiminika. Hapo mizani inatosha kumkagua fundi: dhahabu na zebaki iliyorudi zikijumlishwa zikapungua kuliko donge, pengo hilo limevuja. Hata hivyo chombo hakigusi zebaki iliyobaki kwenye marudio, yaani mabaki ya unga uliokwisha kuoshwa. Marudio yakipelekwa kuchenjuliwa kwa sayanaidi, sayanaidi huyeyusha dhahabu na zebaki pia, na kampaundi mpya zinazotokea husafiri na maji kwa urahisi. Kwa sababu hiyo mkataba unataka kukomeshwa kwa uchenjuaji wa marudio yenye zebaki kwa sayanaidi kabla zebaki haijaondolewa.