Maumivu Yasiyo na Homa: Washauri wa Watoto na Familia Zao

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Kyela hupita Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, mji uliozungukwa na migomba na mashamba ya chai. Katika mji huo jina la Makandana halihitaji maelezo, kwa maana ndipo ilipo hospitali ya wilaya. Huko hufikishwa mtoto mwenye malaria, mama mjamzito aliyezidiwa na mkulima aliyejikata kwa panga. Kwa matatizo ya namna hiyo njia inajulikana: dalili huonekana, damu hupimwa, dawa hutolewa.

Lakini yako maumivu yasiyopandisha homa wala kuonekana katika hadubini. Mtoto wa miaka 10 aliyefiwa na mama yake huanza tena kukojoa kitandani. Mwingine, aliyekuwa wa kwanza darasani, hushika mkia. Wa tatu hulalamika tumbo kila asubuhi ya shule, na akipimwa haonekani na minyoo wala kidonda. Watoto kama hao wapelekwe kwa nani? Hapo ndipo inapoanza kazi ya mshauri nasaha, yaani mtu aliyefundishwa kumsikiliza mtoto na familia yake na kuwaongoza hatua kwa hatua mpaka nafsi ipate utulivu.

Wagonjwa wengi, wataalamu wachache

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hali kadhalika, karibu nusu ya matatizo ya akili yanayowapata watu wazima huwa yamekwisha kuchipuka kabla ya umri wa miaka 18. Pamoja na hayo, takwimu za Shirika hilo za mwaka 2020 zilionyesha kuwa katika Afrika kulikuwa na watumishi wa afya ya akili wasiozidi 2 kwa kila watu 100,000.

Kwa muda mrefu matibabu ya akili katika Tanzania yalihusishwa na hospitali kubwa zilizo mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwapo makazi ya wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Baadaye ikajengwa Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma, ambako mtu atokaye Tukuyu husafiri zaidi ya kilometa 600. Ni wazi kwamba mtoto mwenye majonzi hawezi kungojea safari ya namna hiyo, na aghalabu hahitaji kulazwa.

Fikra ya kuipeleka huduma karibu na wananchi ilipata nguvu katika miaka ya 1980, Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa afya ya akili na kuujaribu kwanza katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Nia ilikuwa kuwafundisha watumishi wa zahanati na vituo vya afya kuyatambua matatizo ya akili na kuyatibu huko huko. Kwa upande wa ustawi wa jamii, chuo cha taifa cha kuwafunza maofisa wake kilikuwa kimekwisha kuanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kisha ukaja UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Maradhi hayo yalidhihirisha kwamba dawa peke yake haitoshi. Mwaka 1989 iliundwa WAMATA, moja ya jumuiya za kwanza za kuwasaidia wagonjwa, wajane na yatima, na neno “ushauri nasaha” likaanza kuenea katika hospitali na mitaa.

Mtoto huomboleza namna gani?

Mtu mzima aliyefiwa hulia, husimulia na hupokea wageni wa matanga. Mtoto ni tofauti. Anaweza kucheza saa moja baada ya mazishi, na wazee wakadhani amesahau. Mara nyingi huondolewa mbele ya mazungumzo, au huambiwa kwamba mama amesafiri. Basi hubaki na maswali yake. Mtoto mdogo huenda akaamini kwamba ni yeye aliyesababisha kifo kwa sababu siku ile alikataa kutumwa maji. Kwa kuwa hana maneno ya kuyaeleza hayo, mwili wake ndio unaosema.

Maelezo yake yamo katika somo la baiolojia. Ubongo unapotambua hatari, tezi za adrenali zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, misuli hukaza na uyeyushaji wa chakula hupungua. Hayo humfaa mtu anayekimbia nyoka, maana hatari ikipita mwili hutulia. Lakini mtoto ambaye kumbukumbu ya kifo humrudia usiku na mchana huishi kana kwamba nyoka yumo chumbani daima. Usingizi humpotea, tumbo humuuma, na mawazo hayakai katika hesabu anazofundishwa.

Mazungumzo yenye mpango

Baadhi ya watu hudhani kwamba kushauri ni kutoa maonyo: “Jikaze, usilie.” Mshauri aliyefundishwa hafanyi hivyo. Kazi yake ina mpango kama ulivyo mpango wa somo la mwalimu.

Kwanza, humweleza mtoto na mlezi wake kwamba dalili zile zinaeleweka, tena huwapata wengi. Maelezo hayo peke yake hupunguza hofu na aibu. Pili, hufundisha njia za kuutuliza mwili. Mtoto huvuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi. Pumzi ya kutoka inaporefushwa, neva inayopunguza kasi ya moyo hufanya kazi zaidi, na mapigo hushuka. Tatu, mtoto hujifunza kuyataja yaliyo moyoni: hofu, hasira, huzuni, hatia. Nne, huonyeshwa jinsi wazo linavyozaa hisia na hisia inavyozaa tendo, ili wazo la “mimi ndiye niliyemuua mama” lipimwe na kusahihishwa. Tano, kidogo kidogo, husimulia au huchora habari ya kifo chenyewe. Mwishowe hukumbuka mema ya marehemu na kuzungumza na mlezi wake waziwazi.

Hatua ya tano huwatia watu wengi wasiwasi. Kwa nini kulitonesha donda? Jibu linakaribiana na majaribio ya mwanasayansi Ivan Pavlov wa Urusi. Mbwa wake waliozoea kupewa chakula baada ya ishara fulani walitokwa na mate kila walipoipata ishara hiyo. Lakini ishara ilipotolewa mara nyingi bila chakula, mate yalipungua. Vivyo hivyo, kumbukumbu ya kutisha ikirudiwa mahali pa salama, na hatari isitokee, ubongo hujifunza kwamba kumbukumbu si hatari. Huzuni hubaki, lakini hofu hupungua.

Mlezi naye hafundishwi kwa ajili ya kujaza nafasi tu. Mtoto hukaa na mshauri saa chache, na siku nyingi hukaa nyumbani. Bibi asiyejua kwamba kukojoa kitandani ni dalili ya majonzi atamchapa mjukuu wake, na dalili itazidi. Bibi huyo huyo, naye akiwa amefiwa na binti yake, anahitaji kusikilizwa.

Jaribio la Moshi na Bungoma

Je, kazi hii inaweza kufanywa na watu ambao si madaktari wala wanasaikolojia? Swali hilo linaihusu Rungwe na wilaya nyingine zote zenye wataalamu wachache, na halijibiwi kwa maneno matupu. Katika Afrika Mashariki limejaribiwa kwa vipimo, huko Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya.

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio la awali lililofanyika Moshi kwa watoto 64 waliofiwa na wazazi. Jaribio kubwa lilifuata, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2020. Lilihusu watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13, wa mijini na vijijini, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na waliokuwa na dalili za mshtuko. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa kwa karibu. Watoto walikutana katika vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 12, huku walezi wakikutana katika vikundi vyao. Tena kila mtoto alionana na mshauri peke yake mara chache.

Jambo la kuzingatia ni kwamba watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipata ushauri huo, na wengine wakaendelea na huduma za kawaida za yatima, ili wawe kundi la ulinganisho. Wiki 12 zilipokwisha, dalili zilikuwa zimepungua zaidi kwa waliopata ushauri katika maeneo 3 kati ya 4: Kenya mjini, Kenya vijijini na Tanzania mjini. Watoto walipopimwa katika ufuatiliaji wa miezi 12, tofauti ilikuwa bado ipo Kenya, mjini na vijijini. Upande wa Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu karibu sawa.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa kwa makini. Yangepimwa makundi ya Tanzania yaliyopata ushauri peke yake, mtu angetangaza kwamba nafuu yote ya mwaka ule ilitokana na ushauri. Kundi la ulinganisho linaonyesha kwamba watoto wengi, wakiwa na malezi na muda, hupona. Maelezo yaliyopendekezwa na watafiti ni kwamba watoto wa Kenya walikuwa katika dhiki kubwa zaidi, pamoja na upungufu wa chakula, na kwa hiyo walihitaji msaada huo zaidi. Aidha, kule Moshi mjini ushauri uliharakisha nafuu, na kwa mtoto wa shule miezi kadhaa ya usingizi na masomo si jambo dogo.

Desturi ya rika

Wanyakyusa wa Rungwe hawakungojea wageni wawafundishe kwamba msiba huweza kuidhuru akili. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko katika miaka ya 1930, waliandika imani ya wenyeji kwamba mfiwa asiyetimiziwa taratibu za msiba huweza kurukwa na akili. Walieleza pia habari ya vijiji vya rika: wavulana walipofikia umri wa miaka 10 hivi walijenga vibanda vyao pamoja, na waliendelea kwenda kula kwa mama zao wakiwa kundi. Raha ya kukaa na kuzungumza na watu wa rika moja iliitwa ukwangala.

Vijiji vya namna hiyo vimekwisha. Hata hivyo kikundi cha watoto wanaokaa pamoja na kugundua kwamba si mmoja tu aliyefiwa kinafanana na desturi hiyo. Tofauti ni kwamba kikundi cha mshauri kina mafunzo, usimamizi na vipimo.

Mipaka ya kazi na wajibu wa shule

Mshauri ana mipaka. Mtoto anayesikia sauti zisizokuwapo, anayeanguka kifafa, au anayesema anataka kufa, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Siri za mtoto hutunzwa, isipokuwa usalama wake ukiwa hatarini. Hapo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwananchi ajuaye kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake, na ofisa ustawi wa jamii ana wajibu wa kufuatilia.

Mwalimu hatakiwi kuwa tabibu. Lakini yeye humwona mtoto siku 5 kwa wiki, na ndiye wa kwanza kuona mabadiliko. Kabla ya kuandika “mvivu” katika ripoti, yafaa aulize kimetokea nini nyumbani, amwite mlezi, na amfikishe mtoto kwa mshauri wa shule au hospitalini.

Wanafunzi wa sekondari nao wana nafasi yao. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulihusu wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona na wasiwasi. Waliowaongoza ni vijana waliokuwa wamemaliza sekondari karibuni, nao walifundishwa kazi hiyo kwa muda mfupi. Baada ya mikutano 4 tu, dalili zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Basi kijana anayesoma baiolojia leo anaweza, miaka michache ijayo na akiwa amefundishwa vizuri, kukaa na mtoto aliyefiwa na kumsaidia kuyapatia maneno maumivu ambayo hadubini haiyaoni.