Baridi Ipasuapo Zege: Jibu Tulilolizoea Halitoshi

Muulize mwanafunzi yeyote wa jiografia kwa nini miamba ya Mlima Kenya hupasuka, naye atakujibu bila kusita: maji huingia nyufani, huganda usiku, hupanuka kwa takriban asilimia 9, mwamba ukapasuka. Atapewa alama zote, nasi walimu tuendelee na somo jingine.

Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyosalia ndiyo yenye elimu. Tulitazame zege, yaani ule mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, katika nchi ambako barabara hulala chini ya theluji kila mwaka. Zege huonekana kama jiwe tupu, kumbe limejaa vitundu vidogo mno, navyo hunywa maji. Maji hayo yakiganda na kuyeyuka mara kwa mara, uso wake hubambuka na nyufa huzidi. Chumvi inyunyizwayo ili kuyeyusha barafu, ambayo mtu angedhani ni msaada, huzidisha balaa hilo.

Katika miaka ya 1930, wahandisi wa Marekani walistaajabu kuona barabara fulani za jimbo la New York zikistahimili baridi iliyoharibu nyingine. Siri ilikuwa mafuta ya wanyama yaliyotiwa wakati wa kusaga saruji: yalifanya zege litoe povu mithili ya sabuni, na viputo vya hewa vikabaki ndani lilipokuwa gumu. Siku hizi viputo hivyo hutiwa makusudi, aghalabu asilimia 4 hadi 7 ya ujazo. Ajabu ni kwamba kila asilimia 1 ya hewa hupunguza nguvu ya zege kwa karibu asilimia 5, na mhandisi huikubali hasara hiyo kwa hiari.

Kwa nini hewa iokoe? Mwaka 1945 T. C. Powers alieleza kwamba barafu huyasukuma maji yaliyobaki katika vitundu vyembamba, na msukumo huo ndio upasuao. Kiputo kikiwa karibu, maji hupata pa kukimbilia. Maelezo mazuri, lakini baadaye yeye mwenyewe aliyarekebisha, kwani ilidhihirika kwamba maji pia huvutwa kuelekea barafu. Kisha mwaka 1974 watafiti waliloweka saruji iliyokwisha kuwa ngumu katika benzini, kimiminika ambacho hunywea kinapoganda. Ilipogandishwa, saruji ilitanuka vilevile!

Kwa maoni yangu, swali la mtihani lingeanzia hapo. Mpe mwanafunzi matokeo hayo ya benzini, kisha mwambie aitetee asilimia 9 yake. Wapo watakaosema kwamba silabasi ni ndefu na muda ni mfupi. Hata hivyo, chupa mbili za kioo zilizoviringishwa kitambaa, moja imejazwa maji pomoni na nyingine imeachiwa nafasi, zikilazwa usiku mmoja ndani ya friza, hazili kipindi kizima.