Buji mpya nayo hupimwa

Wiki iliyopita gari dogo la chama chetu lilikataa kuwaka usiku, na ndani mlikuwa na mama mwenye uchungu. Tulimfikisha hospitali kwa pikipiki, akajifungua salama. Lakini tuliona haya: buji zote nne zilikuwa mpya, na sisi wenyewe tulizinunua kwa kuangalia bei tu.

Asubuhi fundi alizifungua mbele yetu, akatuonyesha makosa mawili.

La kwanza ni namba, hazikuwa sawa na za zamani. Namba huonyesha urefu wa sehemu ya kukaza na kiasi cha joto. Buji ndefu mno inaweza kugongwa na pistoni. Tena kampuni hazihesabu sawa: kwa NGK namba kubwa ni buji ya baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume. Basi twende dukani na buji ya zamani mkononi.

La pili ni nafasi ya cheche. Gari letu linataka milimita 0,8. Buji moja ilikuwa imebanwa karibu kugusana, mbili zimeachana mno. Tukirekebisha, tukunje kidogo ule mkono wa pembeni. Ncha ya katikati tusiiguse. Kisha tuifunge mota ikiwa baridi, tukianza kwa vidole, ili isiharibu uzi.

Sasa kipimo kinakaa ndani ya gari. Atakayenunua buji, apime kwanza, ndipo alipe.