Kibanzi Kikitoboa Jicho

Mwiba wa ua, ncha ya waya, bua la mahindi, au kibanzi cha chuma kirukacho mtu anapogonga jembe kwa nyundo: vyote hivi vyaweza kutoboa jicho. Mara nyingi tundu huwa dogo sana na maumivu hupungua upesi. Basi mkulima hudhani amepona, akaendelea na kazi. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Ndani ya jicho hamna vijidudu, na damu haifiki huko kwa urahisi ili kupigana navyo. Kitu kitokacho shambani huingia pamoja na udongo, na baadhi ya vijidudu vya udongo vyaweza kuliharibu jicho lote kwa siku moja au mbili. Miti na majani huingiza ukungu, ambao huenda polepole. Huenda dalili zisionekane mpaka majuma yapite. Dalili ni maumivu yanayozidi, wekundu, kope kuvimba, kutoona vizuri na usaha.

Mtu akiumia hivi, fanyeni haya:

1. Msikitoe kitu kilichochoma jicho. Msilisugue, msilibonyeze, wala msilioshe. (Vumbi lililo juu tu huoshwa kwa maji safi.)

2. Lifunikeni kwa kikombe safi cha karatasi, kisiliguse jicho lenyewe.

3. Msitie maziwa ya mama, dawa ya majani, wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani.

4. Asile wala asinywe, maana huenda akapasuliwa.

5. Apelekwe siku ile ile kwenye hospitali yenye daktari wa macho. Zahanati ikiwa karibu, ianze kumhudumia, lakini asikae huko kungoja. Jeraha likishonwa kabla ya saa 24 kupita, hatari ya vijidudu hupungua.

Mwambieni daktari ni kitu gani kilichoingia, chuma au mti, kwa kuwa matibabu yake si mamoja. Mkumbusheni pia habari ya sindano ya pepopunda.

Lakini kinga ni bora. Vaeni miwani ya kazi mnapogonga chuma, kukata ua au kupasua kuni. Nyundo ambayo kichwa chake kimemeguka isitumiwe, kwani hurusha vibanzi. Watoto nao wakae mbali. Bei ya miwani ni ndogo. Jicho likiisha kufa halinunuliki.