Kumbukumbu Isiyo na Tarehe

Aendaye matangani katika mji wa Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, iwe ni mtaa wa Mudzipela au Nyakasanza, aghalabu atamsikia mzee mmoja, baada ya sala na kabla ya chakula, akimwinamia mfiwa na kumwambia kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba mwenye imani huishika leo yake akamwachia Mungu jana. Nasaha hiyo hutoka katika moyo safi, wala sina nia ya kuibeza. Walakini sisi ambao kazi yetu ni kutibu nafsi za watu tumefundishwa na kazi yenyewe kwamba yako yaliyopita ambayo ni ndwele hasa, yenye dalili zake, mwendo wake na tiba yake, na kwamba mwenye ndwele hiyo haponi kwa kuamriwa asahau. Amejaribu kusahau kuliko sisi sote. Ameacha kupita njia fulani, ameacha kula chakula fulani, ameacha kulala chali. Na kadiri anavyozidi kukimbia ndivyo jambo lile linavyozidi kumjia bila hodi.

Ili tuelewe sababu yake, yatupasa tutazame jinsi ubongo unavyohifadhi mambo. Katika siku za salama, kila tukio huwekwa pamoja na wakati wake na mahali pake, na kazi hiyo ya kuratibu hutegemea sana kiungo kidogo kilicho ndani ya ubongo kiitwacho hipokampasi. Jirani yake ni kingine, amigdala, ambacho kazi yake ni kupiga mbiu ya hatari. Hofu kuu inapomshika mtu, yule mpiga mbiu hufanya kazi kwa nguvu zake zote, hata harufu, sauti, joto na mshituko wa mwili vikachongwa katika kumbukumbu kwa ukali usio wa kawaida, ilhali yule mratibu hulemewa, asiweze kuandika sawasawa kwamba jambo hili lilitukia mwaka fulani, mahali fulani, na kwamba lilikwisha. Hivyo kumbukumbu ile hubaki kama barua isiyo na tarehe wala anwani: kila inapofunguka husomeka kana kwamba imeandikwa leo.

Tuchukue mfano wa mama muuza samaki ambaye alikuwa msichana mnamo Mei 2003, pale majeshi ya Uganda yalipoondoka Bunia na wanamgambo wakaupigania mji mtaa kwa mtaa, hata maelfu ya watu wakakimbilia uwanja wa ndege na kando ya makao ya askari wa Umoja wa Mataifa kutafuta hifadhi. Miaka imepita zaidi ya ishirini. Askari wa Ulaya walifika Juni ya mwaka ule ule wakiongozwa na Wafaransa, wakakaa miezi michache wakaenda zao. Msichana ameolewa, amezaa, ana meza yake sokoni. Usiku mmoja embe ladondoka juu ya mabati. Kabla hajatambua kwamba ni embe, amekwisha kujitupa sakafuni na kuwafunika wanawe kwa mwili wake, moyo wamwenda mbio, na puani ana harufu ya moshi ambao chumbani haumo. Watu wa nyumbani wakimwambia, “Mama, hiyo ilipita zamani,” wanasema kweli ambayo akili yake yaijua na mwili wake hauijui. Kwa dakika zile yeye anaishi 2003.

Jambo hili si uvumbuzi wa jana. Tabibu Mfaransa Pierre Janet, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1889 na katika maandishi yake ya baadaye, alionyesha kwamba wapo wagonjwa wanaoyatenda upya yaliyowapata kwa kuwa wameshindwa kuyasimulia. Lakini ilipasa vita vya Vietnam vipiganwe, na maelfu ya askari warudi makwao Marekani wakiwa hawalali, ndipo mwaka 1980 madaktari wa nchi hiyo walipoyaingiza maradhi haya rasmi katika daftari lao. Kwetu yamekuwapo bila daftari. Ituri peke yake, katika vita vilivyoanzia wilaya ya Djugu mwaka 1999 kwa ugomvi wa mashamba baina ya Wahema na Walendu, vikachochewa na majeshi ya kigeni na tamaa ya dhahabu, ilipoteza raia ambao watetezi wa haki za binadamu walikadiria kuwa si chini ya 50,000 hadi kufikia 2003. Na tangu mwishoni mwa 2017 moto ule umewaka tena.

Hapa nataka kuweka neno moja kando. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba katika nchi zenye vita mtu mmoja kati ya watano ana maradhi ya nafsi ya namna moja au nyingine, na hesabu hiyo hutajwa sana ili kutisha wafadhili. Mimi hupenda kuitazama kwa upande wa pili, kwamba wanne hawana. Wengi waliopita katika masaibu hayo huhuzunika, huota ndoto mbaya kwa muda, kisha kwa msaada wa jamaa, kazi, ibada na usingizi hurudi katika hali yao bila tabibu yeyote. Ni kosa kumwita kila mkaaji wa Ituri mgonjwa, kama lilivyo kosa kumwita yule mama muuza samaki mtu wa imani haba.

Sasa tuje kwenye tiba. Miongoni mwa njia zilizothibitika, iliyo karibu nasi zaidi ni tiba ya masimulizi, ambayo ilibuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, lakini ilipimwa ng'ambo tu ya mpaka wetu, katika makambi ya wakimbizi ya Uganda. Mgonjwa na mshauri hukaa pamoja, na kamba hutandazwa sakafuni. Mwanzo wa kamba ni siku ya kuzaliwa. Mgonjwa huweka maua pale palipokuwa na furaha, kama vile kuzaliwa kwa mtoto au cheti cha shule, na mawe pale palipokuwa na dhiki, jiwe kubwa kwa dhiki kubwa. Kipande cha kamba kilichosalia huachwa kimekunjwa, kwa kuwa ni umri ambao bado hajauishi. Katika vikao vinavyofuata, ambavyo aghalabu huwa kati ya vinane na kumi na viwili, kila kimoja chapata saa moja na nusu, maisha husimuliwa kwa taratibu tangu mwanzo wa kamba, wala halirukwi jiwe.

Ufundi wote umo katika namna ya kuuliza. Mshauri hamwachii mgonjwa akimbie juu juu ya jambo, wala hamwachii azame ndani yake akapotea, bali humwendesha mbele na nyuma baina ya nyakati mbili: ilikuwa asubuhi au jioni? Mlango ulikuwa upande gani? Mikononi ulikuwa umeshika nini? Na sasa hivi, unaponieleza, mikono yako yasikia nini? Inatetemeka, je, ilitetemeka hivyo siku ile? Yule mama ataeleza sahani aliyokuwa akiiosha, ndugu aliyekuwa nyuma yake, mlio wa kwanza, na mlio wa pili. Naye akisha kufika mwisho hataruhusiwa kukomea penye hofu, ila ataulizwa baada yake ikawaje, nani alimpa maji, alilala wapi usiku ule, mpaka jambo lipate ukingo wa mbele na wa nyuma. Mshauri huandika, na kikao kifuatacho humsomea alichokisema. Kwa kurudiwa hivyo, yale yaliyokuwa vipande vya sauti na harufu hushonwa kuwa kisa, na kisa kina wakati uliopita.

Katika kambi ya Nakivale, kusini-magharibi ya Uganda, watafiti wale wa Konstanz waliwashirikisha wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kwa muda mfupi, jambo ambalo kwa nchi kama yetu, yenye madaktari wa akili wachache mno, lina uzito kuliko yote. Hatimaye, wapatao 70 katika kila 100 miongoni mwa waliosimulia hawakuwa tena na maradhi, ilhali miongoni mwa waliofuatiliwa tu bila tiba walikuwa 37. Uaminifu wataka nitaje pia kwamba kundi la tatu, lililopewa ushauri wa namna nyingine usio na utaratibu mkali, lilipona kwa kadiri ya 65; kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba kamba na mawe ndiyo njia ya pekee. Yamkini nguvu kubwa imo katika kusikilizwa na mtu aliyefunzwa kusikiliza.

Hadhari moja ni ya lazima. Tiba hii haifanywi kesho yake ya maafa. Miaka ya nyuma palikuwa na desturi ya kuwakusanya walionusurika papo hapo na kuwalazimisha kueleza yote kwa kikao kimoja; utafiti umeonyesha kwamba haifai kitu, na mwongozo wa sasa ni kwamba siku za mwanzo mtu apewe usalama, maji, blanketi, habari za jamaa zake, na sikio kama mwenyewe atataka kusema. Wala si vema kukimbilia vidonge vya usingizi, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliwaonya matabibu mwaka 2013 wasiwape waliopatwa na kiwewe katika mwezi wa kwanza. Nasi twajua jinsi vidonge hivyo vinavyouzwa kwa urahisi madukani.

Pamoja na kusimulia, yako mazoezi ya kukaa katika wakati uliopo, ambayo siku hizi yamekuwa fasheni kubwa ulimwenguni tangu Jon Kabat-Zinn alipoyatoa katika tafakuri za Kibudha na kuyaingiza hospitalini, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, mwaka 1979. Mtu hukaa, hufumba macho, hufuata pumzi yake ikiingia na kutoka. Ni mazuri kwa mwenye wasiwasi wa kawaida. Lakini mwenye kiwewe akifumba macho na kuisikiliza pumzi yake, huenda akakutana gizani na kile kile anachokikimbia, kwa kuwa pumzi fupi na moyo wa mbio ndio ulikuwa mwili wake siku ile. Kwa hiyo sisi humwambia afumbue macho. Akanyage chini kwa nguvu, ashike kikombe baridi, ataje kwa sauti vitu vitano avionavyo: chandarua, jiko, ndala za mtoto, dumu la njano, mwanga chini ya mlango. Kisha ataje siku, mwezi na mwaka, na umri wa kila mtoto wake. Yule aliyekuwa msichana 2003 hakuwa na watoto. Umri wao ndio ushahidi ambao mwili hauwezi kuukana.

Lakini vipi ikiwa wakati uliopo wenyewe si salama? Swali hili ndilo linalozitatiza nadharia zote zilizotungwa mahali penye amani. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 wanamgambo waliivamia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, Djugu, wakaua watu wapatao 60, wakiwamo watoto. Na wakimbizi hao walikuwa wamefika pale kwa kuambiwa kwamba kambini kuna usalama. Kumwambia aliyenusurika Savo, ambaye leo yumo katika hema la Kigonze hapa Bunia, kwamba hofu yake ni ya zamani, ni kumwambia uongo. Kwake yeye tiba haitafuti kuiondoa hofu yote; yatafuta kuigawa, ile ya embe na mabati iende upande mmoja, na ile ya habari za kweli zinazoletwa na madereva wa pikipiki kutoka njia ya Djugu ibaki upande wa pili, kwani hii ya pili yamlinda. Aliyeweza kuzitenganisha hulala saa kadhaa usiku, naye mchana hufikiri vizuri zaidi pa kukimbilia.

Na wako wengine ambao jana yao haitaki kufungwa kwa sababu ya namna nyingine: wafiwa wasio na kaburi. Mtaalamu wa Marekani Pauline Boss, aliyeanza kwa kuzichunguza familia za askari waliopotea Vietnam, alionyesha kwamba mtu ambaye hajulikani kuwa hai wala maiti huwagandisha jamaa zake katika huzuni isiyo na mwisho, kwa kuwa kukubali kifo huonekana kama kumsaliti. Katika Ituri, watoto waliochukuliwa na wanamgambo na watu waliotawanyikia porini hawana idadi, na nyumba nyingi hazijaondoa matanga kwa kuogopa kumwondoa aliye hai. Boss hakuwashauri wafiwa hawa wafunge jambo; aliwashauri wajifunze kubeba maneno mawili kwa pamoja, kwamba huenda amekufa na huenda yu hai. Nimeona kuwa jamaa wanaoafikiana juu ya siku moja ya mwaka ya kumtaja aliyepotea, kwa sala na chakula, bila kusema kwamba amekufa, huzipata siku nyingine kwa kazi zao.

La mwisho ni la haki. Kijiji cha Bogoro, kwenye njia ya kuelekea Kasenyi, kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Germain Katanga, kamanda wa wanamgambo, alihukumiwa kwa ajili ya shambulio hilo mwaka 2014, na tarehe 24 Machi 2017 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliamuru kwamba waathirika 297 wapewe kila mmoja dola 250 kama ishara, na pamoja nazo fidia za jumla: msaada wa makazi, wa masomo, wa kujipatia riziki, na wa kutibu nafsi. Wengi walicheka zile dola 250, na sikuwalaumu. Lakini kuweka nyumba na nasaha katika amri moja ulikuwa uamuzi wa watu waliofahamu, kwani mjane anayenyeshewa kila usiku hana utulivu wa kukaa vikao kumi akisimulia, na mjane aliyejengewa nyumba, pasipo mtu wa kumsikiliza, atalala ndani yake akiwa bado Bogoro.