Seva ya Pili ya Kanzidata: Profoma Ipi Isainiwe?

Mwanachama wa SACCOS amefika dirishani kulipa rejesho, karani anamwambia, "Mtandao unasumbua, mama, tuvumiliane kidogo." Mara nyingi mtandao ni mzima. Kilichokufa ni diski ya seva iliyobeba kanzidata ya chama kizima, na hakuna seva nyingine ya kuipokea zamu. Wiki inayofuata bodi inawekewa profoma tatu mezani na kutakiwa ichague kabla mwezi haujaisha.

Bodi hiyo ndiyo ninayoiandikia. Mwenye duka la dawa lenye matawi, au zahanati inayotunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, atapata la kwake humu pia.

Msianze na bei. Anzeni na maswali mawili: mfumo ukilala saa moja mnapoteza kiasi gani, na mkipoteza kumbukumbu za dakika ngapi mtaumia? Tuseme chama kinapokea shilingi milioni 4 kwa siku ya saa 8. Hiyo ni laki 5 kwa saa, na muuzaji atawatisha kwa hesabu hiyo hiyo. Lakini rejesho la asubuhi halikupotea, mwanachama atarudi mchana. Duka la dawa ndilo linalopoteza kweli, maana mteja anavuka barabara kwenda kwa jirani. Kumbukumbu ndilo jambo zito zaidi kwa SACCOS: muamala uliopokelewa na kutolewa risiti, kisha ukafutika, ni ugomvi wa miezi.

Njia rahisi kuliko zote ni kubaki na seva moja na kuchukua chelezo kila usiku: nakala moja kwenye diski ya nje, nyingine ikae jengo jingine. Mtalipia diski mbili au tatu tu. Seva ikifa, mtatafuta mashine, mtaiwekea programu, mtarejesha chelezo. Hesabuni siku nzima, pengine mbili, na miamala ya tangu usiku uliopita imekwenda. Kwa chama kidogo chenye daftari la risiti linalosomeka, hilo linavumilika.

Hata mkinunua njia ghali kuliko zote, chelezo hamuwezi kuiacha. Seva ya pili hunakili kila kinachofanyika kwenye ya kwanza, makosa yakiwemo. Mtu akifuta orodha ya wanachama, itafutika huko pia ndani ya sekunde chache. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alikusudia kusafisha seva ya pembeni, kumbe amri ameiandika kwenye seva kuu. Walipogeukia chelezo zao, kadhaa hazikuwa zikifanya kazi. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa imechukuliwa kama saa 6 kabla. Chelezo ambayo hamjawahi kujaribu kuirejesha ni spea isiyo na upepo.

Sasa seva mbili. Ya kwanza inafanya kazi, ya pili inapokea nakala ya kila muamala papo hapo, na siku ya msiba mtu anaipandisha kwa mkono iwe kuu. Kwa fedha ya vyama vingi, hii ndiyo profoma ninayoipenda. Kanzidata huria zinazotumika sana zina uwezo wa kunakili ndani yake, hakuna leseni ya kulipia. Seva ya pili inaweza kuwa iliyotumika, mradi diski ziwe mpya na kasi yake isiachwe mbali na ya kwanza. Ikizidiwa itabaki nyuma, na kila dakika inayobaki nyuma ni miamala mtakayoikosa. Mtu mwenye maelekezo yaliyochapwa kwenye karatasi anaweza kuwarudisha kazini ndani ya nusu saa, na mara nyingi mtapoteza miamala ya sekunde chache tu.

Udhaifu wake ni huyo mtu. Akiwa safarini na simu imezima, seva ya pili itakaa inawaka taa bila faida. Wafundisheni wawili, na karatasi ikae pale pale kwenye kabati la seva.

Profoma inayofuata huwa inang'aa: seva mbili zile zile, lakini zinabadilishana zenyewe bila mtu. Msinunue. Kebo ikichomoka kwenye swichi, kila seva haioni mwenzake na kila moja inaamini mwenzake amekufa. Zote mbili zinajifanya kuu. Tawi moja linaandika amana ya mwanachama kwenye hii, tawi la pili linaandika mkopo wake kwenye ile. Kebo ikirudi mna daftari mbili zinazopingana, na hakuna programu itakayowaambia ipi ni ya kweli. Mtakaa na risiti mkilinganisha moja moja.

Dawa yake ni seva ya tatu, shahidi. Haihitaji kubeba kanzidata. Kompyuta ndogo inatosha, bora iwe kwenye chumba na umeme tofauti. Kazi yake ni kupiga kura: upande wenye kura mbili unaendelea, wenye moja unanyamaza. Mashine 3 zinavumilia kifo cha 1, mashine 5 vifo 2. Mashine 4 zinavumilia 1 tu, sawasawa na 3, kwa hiyo mkiona kura ya nne kwenye profoma, ifuteni. Ulizeni pia kama seva kuu ya zamani itazimwa umeme kwa amri kutoka mbali kabla mpya haijapanda.

Gharama ya njia hii si mashine, ni mtu anayeielewa. Tarehe 21 Oktoba 2018, GitHub, kampuni yenye wataalamu wa kutosha, ilipoteza mawasiliano kati ya vituo vyake kwa sekunde 43. Mtambo ukahamisha ukuu wenyewe kwenda upande wa pili wa Marekani, huku kuna maandishi machache yaliyokuwa hayajafika huko. Huduma ilisuasua kwa saa 24 na dakika 11.

Seva mbili zinazotumia sanduku moja la diski, achaneni nazo. Sanduku ni ghali, nalo likifa mmerudi mwanzo.

Kukodi kwenye wingu kunavutia kwa kuwa hakuna mashine ya kununua. Lakini mkiomba seva ya akiba kwenye jengo la pili, bili hupanda karibu mara mbili, kwa dola, kila mwezi. Juu yake kuna malipo ya data inayotoka nje na ya hifadhi ya chelezo. Ahadi ya asilimia 99.9 inaruhusu karibu saa 8 na dakika 46 za kulala kwa mwaka, na ikivunjwa mtapewa punguzo la bili, si fidia ya hasara yenu. Tena ulizeni seva ziko nchi gani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwingineko. Kanzidata iliyokaa ng'ambo ilikuwa salama kabisa, ila kuifikia ilikuwa shida. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ya Tanzania ina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mwanasheria naye ana bili yake.

Kuna malipo ambayo profoma haiyataji. Kanzidata ya kibiashara inaweza kudai leseni kwa seva ya pili hata kama inakaa tu. Seva mbili kwenye UPS moja na swichi moja zitazima pamoja. Kompyuta za makarani zinaijua anwani ya seva ya zamani, na fundi asipoweka anwani inayohama, mtazunguka dirisha kwa dirisha mkibadilisha.

Mkiambiwa "hamtapoteza hata muamala mmoja," jueni seva kuu italazimika kusubiri jibu la ya pili kila mara. Waya wa kilomita 1,000 unaongeza angalau milisekunde 10 kwenda na kurudi. Baya zaidi, ya pili ikizima, kuu inaacha kupokea miamala hadi mtu aiondoe kwenye subira hiyo. Mkitaka ahadi hiyo, nunueni seva za pembeni mbili.

Chama chenye fundi mmoja: chelezo iliyojaribiwa, seva mbili, kupandisha kwa mkono. Hospitali inayofanya kazi usiku, yenye wataalamu wawili au zaidi: ongezeni shahidi.

Na kwenye mkataba wekeni sharti kwamba awamu ya mwisho ya malipo italipwa baada ya muuzaji kuchomoa waya wa umeme wa seva kuu saa za kazi, mbele ya bodi, karani akiendelea kupokea fedha. Asiyekubali sharti hilo, msimpe kazi.