Msuli Hufa, Njia Yake Ikabaki

Mchezaji akishika nyuma ya paja katikati ya mbio na kuanguka, tunajua msuli umechanika. Wiki kadhaa baadaye yumo uwanjani tena. Nyuzi zilizokufa zimejengwa upya na seli shina za msuli, ambazo Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961 baada ya kuziona katika msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni. Seli hizi hulala ubavuni mwa uzi wa msuli, zimebanwa kati ya uzi wenyewe na ala nyembamba inayouvika. Uzi ukiumia, huamka, huzaana, kisha sharti zifike palipoharibika. Zinajuaje pa kwenda?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika ile ala. Imefumwa kwa protini, hasa laminini na kolajeni ya aina ya nne, nayo ni sehemu ya matriksi, yaani mtandao wa protini uliozizunguka seli za mwili. Kwa muda mrefu matriksi ilichukuliwa kuwa kijazio tu. Ilionewa.

Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Carnegie, Baltimore, walichapisha walichokiona ndani ya misuli ya panya walio hai. Uzi wa msuli ulipokufa na mabaki yake kusafishwa, ala ilibaki tupu. Wakaiita uzi mzimu. Seli shina zilipita humo zikienda na kurudi kwa kufuata urefu wa ala, na hata kugawanyika ziligawanyika kwa mwelekeo huohuo. Kisha watafiti wakafanya ukorofi wa kitaalamu: wakaipotosha ala. Seli nazo zikapotoka, na nyuzi mpya zikaota shaghalabaghala.

Seli hushika njia kwa protini ziitwazo integrini. Kwa nje hukamata matriksi, kwa ndani hushikamana na nyuzinyuzi zinazoivuta seli. Mwendo wake ni wa mkwezi wa mnazi: hushika kidato cha mbele, hujivuta, ndipo ikaachia cha nyuma. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti, wakiwa La Jolla, California, walionyesha kidato kimojawapo ni kidogo kiasi gani. Fibronektini, protini inayojazana kwenye jeraha bichi, ina amino asidi zaidi ya 2,000. Mahali pa kushika, kiini chake ni 3 tu: arginini, glisini na asidi ya aspatiki. Laminini nayo ina integrini zake. Mshiko ukilegea mno seli huteleza, ukikaza mno hunasa palepale.

Ugumu wa mahali pia huisemesha seli. Mwaka 2010 maabara ya Helen Blau, Chuo Kikuu cha Stanford, ilikuza seli shina za msuli wa panya juu ya jeli yenye ulaini wa msuli, kilopaskali 12, zikabaki na uwezo wa kujenga msuli zilipopandikizwa. Za kwenye sahani ya plastiki ziliupoteza. Kovu si gumu kama plastiki, lakini ni kolajeni iliyorundikana na kukakamaa kuliko msuli mzima, na seli hulihisi hivyo.

Ndiyo maana tangazo la sindano ya seli shina la kutibu kila maumivu hunitia shaka. Katika miaka ya 1990 watoto wenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, walidungwa seli changa za msuli, na matokeo yakakatisha tamaa. Seli nyingi zinazodungwa hivyo hufa mapema. Zinazosalia hazisogei mbali na ilipopita sindano.

Je, pale ambapo ala yenyewe imeng'oka pamoja na nyama, kama kwa askari aliyelipukiwa na bomu? Timu ya Stephen Badylak, Pittsburgh, ilianzia upande wa pili: haikudunga seli hata moja. Ilichukua kibofu cha nguruwe (msomaji atakayekunja uso ana haki yake), ikakiosha seli zote hadi ikabaki matriksi, ikaipandikiza kwa wagonjwa 5 baada ya kuondoa kovu. Matokeo yalitolewa mwaka 2014: seli za wagonjwa wenyewe zilihamia humo, na 3 kati yao walipata nguvu zaidi. Mazoezi yalianza ndani ya siku 2 baada ya upasuaji, kwa sababu nyuzi mpya hujipanga kufuata upande zinakovutwa.